Saa 44 za chupa ya Ryan Braun

Jumamosi ya tarehe 1 Oktoba 2011, timu ya besiboli ya Milwaukee Brewers ilikuwa imetoka kuifunga Arizona Diamondbacks 4–1 katika mechi ya kwanza ya mtoano. Mashabiki wakiwa bado wanatoka uwanjani, nyota wa Brewers, Ryan Braun, aliitwa chemba kutoa mkojo wa kupimwa dawa zilizokatazwa. Ni jambo la kawaida. Mtu aliyekuja kuchukua sampuli alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu 2005 na kwa hesabu yake alikuwa ameshachukua sampuli zaidi ya 600 za wachezaji wa besiboli. Siku hiyo alichukua za watu watatu: Braun na wenzake wawili. Mkojo uligawanywa katika chupa A na chupa B, chupa zikafungwa kwa lakiri isiyoweza kufunguliwa bila kuacha alama, Braun akatia saini, kila mtu akaenda zake.

Kilichofuata ndicho kilichozaa kisa chote. Mchukua sampuli hakuupeleka mzigo ofisi ya FedEx, kampuni ya usafirishaji, jioni ile. Aliona muda umekwenda, akajua kuwa mzigo usingesafirishwa mpaka Jumatatu hata angeukabidhi, akaamua ni heri ulale kwake kuliko kwenye rafu ya watu asiowajua. Akaupeleka nyumbani, akauweka ndani ya kontena la plastiki katika chumba cha chini ya nyumba anachokitumia kama ofisi. Jumatatu akautuma Montreal, Kanada, kwenye maabara inayopima sampuli za ligi. Kutoka mkojo kutolewa hadi mzigo kukabidhiwa kwa msafirishaji zilipita saa 44 hivi.

Watu wengi wanakisimulia kisa hiki kama hadithi ya mwongo aliyenaswa, na ndivyo kilivyoishia. Lakini mimi sehemu inayonikalia kichwani ni ya kwanza, pale mwenye hatia aliposhinda kesi, na kwa maoni yangu alistahili kuishinda. Kosa lake kubwa alilifanya kesho yake.

Kwa msomaji ambaye besiboli ni mchezo wa kwenye filamu tu, maelezo machache. Ligi Kuu ya Marekani, MLB, ina mechi 162 kwa kila timu katika msimu wa kawaida. Mrushaji anavurumisha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, hiyo ni homurani, na hakuna kitu kinacholipwa vizuri zaidi. Nguvu ya mkono na kasi ya kupona kati ya mechi na mechi ni mali. Ndiyo maana testosteroni, ile homoni inayojenga misuli na kuharakisha kupona, imekuwa kishawishi katika mchezo huu kwa miongo mingi. Mwaka 1998 Mark McGwire alipiga homurani 70 na Sammy Sosa 66, taifa zima likashangilia, na ligi haikuwa na utaratibu wowote wa kuwapima wachezaji wake. Vipimo vilianza 2003, tena kwa majaribio. Adhabu ya kufungiwa mechi 50 kwa kosa la kwanza ilikuja baadaye, na Desemba 2007 ripoti ya seneta wa zamani George Mitchell ikataja wachezaji 89.

Braun aliingia ligi kuu mwaka huohuo wa 2007. Alikuwa mmoja wa wale walioitwa kizazi kisafi, vijana waliokuta vipimo vipo. Alipiga homurani 34 katika msimu wake wa kwanza akachukua tuzo ya mchezaji chipukizi wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB. Aprili 2011 klabu ikamwongezea mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 105 uliomfunga Milwaukee hadi 2020. Mji huo si New York wala Los Angeles. Ni mji wa viwanda vya bia, jina la timu lenyewe lina maana ya wapika bia, na uwanja wakati ule uliitwa Miller Park kwa jina la kampuni ya bia. Nyota kukubali kubaki katika mji wa namna hiyo ni jambo ambalo watu hawalisahau. Mwaka huo akapiga homurani 33, akaiba vituo 33 (yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe), Brewers wakashinda mechi 96 na kuongoza kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 1982. Novemba akapewa tuzo ya Mchezaji Bora wa National League, akimshinda Matt Kemp wa Los Angeles Dodgers kwa pointi 388 dhidi ya 332.

Alipokuwa akipokea pongezi hizo, yeye na ligi walikuwa tayari wanajua kilichosemwa na Montreal.

Maabara hutazama mambo mawili. La kwanza ni uwiano wa testosteroni na homoni pacha yake iitwayo epitestosteroni. Kwa watu wengi uwiano unakaribia 1 kwa 1, na ukivuka 4 kwa 1 kengele inalia. Taarifa zilizovuja zilitaja kuwa wa Braun ulikuwa 20 kwa 1. La pili, ambalo ndilo zito, ni asili ya kaboni. Testosteroni ya kiwandani hutengenezwa kutokana na mimea kama soya, na kaboni yake ina alama tofauti kidogo na ile ambayo mwili huitengeneza kutokana na mchanganyiko wa chakula tunachokula. Mashine inaisoma tofauti hiyo. Kipimo hiki kilionyesha testosteroni iliyotoka nje ya mwili. Joto la chumba kwa siku mbili linaweza kuuharibu mkojo na kuvuruga kiasi cha homoni, ila ni vigumu mno kueleza jinsi ambavyo lingeweza kuipandikiza soya ndani ya chupa iliyofungwa. Lakiri zilifika Montreal zikiwa nzima.

Kwa mujibu wa makubaliano, rufaa hizi huendeshwa kwa siri mpaka ziishe. Siri ilidumu hadi tarehe 10 Desemba, kituo cha michezo cha ESPN kilipoitangaza habari hiyo kwa dunia. Kuanzia hapo Braun alikuwa Mchezaji Bora na mtuhumiwa kwa wakati mmoja, na hata kama angeshinda rufaa, jina lake lilikuwa limeshachafuliwa na mtu aliyevunja siri. Hilo nalo ni udhalimu, na wengi tulilipita haraka kwa sababu tulijua mwisho wa hadithi.

Rufaa ilisikilizwa Januari 2012 mbele ya jopo la watu watatu: Rob Manfred upande wa ligi, Michael Weiner upande wa chama cha wachezaji, na msuluhishi huru Shyam Das katikati. Kila mtu alijua kura mbili za kwanza zitakwenda wapi. Ya Das ndiyo iliyokuwa kesi.

Mawakili wa Braun hawakusimamisha kesi yao kwenye kemia, walisimama kwenye karatasi. Utaratibu ulioandikwa na pande zote mbili ulisema kwamba, isipokuwa kuna hali isiyo ya kawaida, sampuli itumwe kwa FedEx siku ileile iliyochukuliwa. Je, Jumamosi jioni ni hali isiyo ya kawaida? Mechi za besiboli huchezwa Jumamosi wiki baada ya wiki. Braun alidai baadaye kuwa kulikuwa na ofisi zisizopungua tano za FedEx ndani ya maili tano kutoka uwanjani zilizokuwa wazi hadi saa tatu usiku, na nyingine iliyofunguliwa saa 24. Mchukua sampuli naye alisema hakuna hata moja ambayo ingeusafirisha mzigo ule siku ile au Jumapili, na kwamba alifuata maelekezo aliyopewa na kampuni iliyomwajiri. Wote wawili wanaweza kuwa walisema kweli. Ofisi kuwa wazi ni jambo moja, lori kuondoka ni lingine. Ila waliouandika utaratibu waliandika siku ileile, hawakuandika lori linapoondoka.

Tarehe 23 Februari 2012 Das aliamua upande wa mchezaji, kura mbili kwa moja. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo mchezaji wa ligi kuu kushinda rufaa ya kufungiwa kwa sababu ya dawa. Sababu za Das hazikuchapishwa kwa umma. Ligi ilitoa taarifa kwamba inaupinga uamuzi huo kwa nguvu zote. Mei mwaka huohuo ikamwondoa Das kazini, baada ya kuwa msuluhishi wa besiboli kwa miaka 13. Makubaliano yanaruhusu upande wowote kumwondoa msuluhishi wakati wowote, hivyo hakuna sheria iliyovunjwa. Hata hivyo, ligi iliyokuwa ikilia kwamba mchezaji amechezea kanuni ilimfuta kazi mwamuzi kwa kuzisoma kanuni ambazo yenyewe iliziandika.

Je, Das alikosea? Mkenya aliyefuatilia kesi za pufya, kama magazeti ya huko yanavyoziita dawa hizi, atashangazwa na uamuzi wake, kwa sababu amezoea kuona kinyume. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1500 mara tatu, alipimwa Iten Novemba 2017 na kukutwa na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Kulikuwa na kasoro kubwa kuliko ya Milwaukee: alipigiwa taarifa mapema kwamba wapimaji wanakuja, jambo ambalo ni mwiko, na Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kikakiri hadharani kwamba limetokea. Hata hivyo alifungiwa miaka minne, kwa hoja kwamba kasoro ile haikuwa sababu ya EPO kuonekana kwenye mkojo wake. Katika mfumo wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, mwanariadha anayelalamikia utaratibu lazima kwanza aonyeshe kwamba kasoro hiyo ingeweza kuyaleta majibu yale. Angekuwa mkimbiaji, Braun angefungiwa mchana kweupe.

Lakini besiboli ya Marekani haiko chini ya WADA. Utaratibu wake wa dawa ni sehemu ya mkataba wa kazi kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji, na chama hicho ni kimojawapo cha vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu zaidi nchini humo. Wachezaji waligoma 1994 mpaka fainali zikafutwa. Walipokubali kukojoa mbele ya mtu mgeni, walikubali kwa masharti, na kila sharti lilibadilishwa na kitu kingine mezani. Mzigo wa kuthibitisha kwamba kipimo kilifanywa kwa namna iliyokubaliwa ulibaki begani mwa ligi. Das hakuajiriwa kujibu swali la kama Braun alitumia dawa. Aliajiriwa kusema kama mkataba ulifuatwa. Kiprop hakuwa na chama cha kumwekea sharti hata moja. Alizikuta kanuni zimeandikwa Ulaya na Kanada, akapewa azitii. Sidai kwamba Kiprop alionewa. Nasema tu kwamba chupa hupimwa kwa mashine zinazofanana, na mtu akahukumiwa kulingana na nguvu ya waliokaa mezani kwa niaba yake.

Kwa hiyo, kwangu, Das alikuwa sahihi. Ukimwambia mfanyakazi kuwa riziki yake itategemea chupa, basi chupa hiyo iende ulikosema itakwenda, siku uliyosema. Na Braun alikuwa na hatia. Mambo haya mawili yanaweza kulala chumba kimoja bila kugombana, mradi mshindi wa kesi ajue ameshinda nini.

Braun hakujua, au alijua akaamua kusahau.

Siku moja baada ya uamuzi, kwenye kambi ya mazoezi ya Brewers huko Maryvale, Phoenix, alisimama mbele ya vipaza sauti akasema yuko tayari kuweka rehani maisha yake kwamba dutu ile haikuwahi kuingia mwilini mwake. Angeishia hapo, ungekuwa uongo wa kawaida wa mwanamichezo, tumeshausikia mara nyingi. Akaendelea. Alisema yeye na watu wake walijifunza mambo mengi kuhusu mchukua sampuli, kuhusu mchakato mzima, mambo yaliyowatia wasiwasi na shaka kubwa juu ya kilichoweza kutokea. Hakusema wazi kwamba mtu yule aliichezea chupa. Hakuhitaji. Alikuwa amefika njia panda: uamuzi ulisema utaratibu haukufuatwa, naye alitaka usomeke kuwa yeye ni msafi. Kama yeye ni msafi na testosteroni ya kiwandani imo ndani ya chupa, lazima kuna mtu aliyeitia. Mtu huyo alikuwa mmoja tu, aliyelala na chupa siku mbili.

Hapo ndipo mchezo wa matajiri ulipomfikia mtu wa kawaida. Mchukua sampuli si mtu wa mikutano ya waandishi. Alilazimika kujitokeza na taarifa yake siku chache baadaye, akieleza lakiri, kontena, ubaridi wa chumba chake na uzoefu wake wa miaka, huku jina lake likizagaa nchi nzima. Silitaji hapa, limetajwa vya kutosha. Kuna jambo moja ambalo lilipaswa kumtetea kuliko maelezo yote: chupa za wale wachezaji wengine wawili zililala naye palepale, kwenye kontena lilelile. Agosti 2013 ESPN iliripoti kwamba kabla ya uamuzi Braun aliwapigia simu wachezaji wakongwe kuomba waungane naye, akiwaambia kwamba mtu yule anawachukia Wayahudi, na tena ni shabiki wa Chicago Cubs, mahasimu wa Brewers. Baba yake Braun ni Myahudi aliyezaliwa Israeli, hivyo lile la kwanza si utani hata kidogo. Kuhusu la pili, unahitaji kuishi Milwaukee ili uelewe kwa nini mtu angeliona kama ushahidi.

Wengi walimwamini. Aaron Rodgers, nyota wa mpira wa Kimarekani wa Green Bay Packers na rafiki wa Braun, aliandika Twitter kwamba yuko tayari kuweka mshahara wake wa mwaka mzima kuwa rafiki yake ni msafi. Mwaka 2012 Braun alirudi uwanjani akaongoza National League kwa homurani 41 na kushika nafasi ya pili katika kura za Mchezaji Bora. Kila mpira uliovuka ukuta ulionekana kama kiapo.

Kilichomwangusha hakikutoka kwenye chupa. Coral Gables, Florida, kulikuwa na kliniki iliyojiita Biogenesis of America, ya wale wanaouza ujana kwa sindano. Mwenye kliniki, Anthony Bosch, hakuwa na leseni ya udaktari. Mfanyakazi wake wa zamani aliyekuwa akimdai fedha alitoka na madaftari, na tarehe 29 Januari 2013 gazeti la Miami New Times likachapisha yaliyokuwamo. Wiki moja baadaye Yahoo Sports ikaripoti kwamba jina la Braun limo. Braun akajibu kwamba mawakili wake walimtumia Bosch kama mshauri wakati wa rufaa ya 2012, na kwamba kilichoandikwa ni mabishano juu ya malipo yake. Jibu la werevu. Lilibeba hata ukweli kidogo, kwa kuwa wakili wake alikiri kumwuliza Bosch.

Ligi ilikuwa imejifunza somo la Das kwa namna yake. Safari hii haikusubiri mkojo. Ilituma wapelelezi, ikanunua nyaraka kwa fedha taslimu, ikamshtaki Bosch mahakamani Florida hadi Juni akakubali kushirikiana nayo badala ya kufilisika kwa gharama za kesi. Ninapoitazama miaka hii miwili sambamba najikuta natabasamu kwa uchungu. Mwaka 2012 ligi ilishindwa kwa sababu sanduku lilichelewa siku mbili. Mwaka 2013 ilishinda kwa daftari lililopita mikono ya watu wenye vinyongo, lililonunuliwa, na shahidi aliyebanwa akasema. Mnyororo wa uangalizi wa madaftari yale, yaani nani aliyashika na lini, ungemfanya wakili yeyote achekelee. Lakini shahidi aliye tayari kuapa alimwuzia nani nini ana uzito ambao maabara haina.

Juni 29 Braun alikutana na wachunguzi wa ligi na kukataa kujibu. Julai 22, 2013 akakubali kufungiwa mechi zote zilizobaki, 65, bila malipo. Hakukuwa na kipimo kipya alichofeli. Wiki mbili baadaye wachezaji wengine 12 walipokea adhabu za mechi 50, na Alex Rodriguez wa New York Yankees akapewa 211, ambazo msuluhishi mwingine alizipunguza baadaye hadi 162.

Tuipige hesabu ya adhabu ya Braun, maana haki katika michezo ya kulipwa iko hapa zaidi kuliko kwenye hotuba. Mechi 65 zilimgharimu takriban dola milioni 3.25. Brewers walikuwa mkiani mwa kundi lao wakati ule, kwa hiyo kukosekana kwake hakukuinyima timu ubingwa. Angeshindwa rufaa mwaka 2012 angezikosa mechi 50 za msimu ambao ndio alipiga homurani 41. Kwa lugha ya biashara, aliahirisha deni na kulilipa kwa riba ya mechi 15, wakati ambao yeye na klabu walilihisi kidogo zaidi. Mkataba wake wa zaidi ya dola milioni 100 haukuguswa. Wala hakuwa peke yake: Jhonny Peralta wa Detroit Tigers alitumikia mechi zake 50 katika kundi hilohilo la Biogenesis, na Novemba ileile St. Louis Cardinals wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 53. Kijana anayehangaika katika ligi za chini kwa mshahara usiotosha kodi ya nyumba alijua namna ya kuisoma habari hiyo.

Wapo waliodhulumiwa uwanjani, ingawa ni vigumu kuwapimia fidia. Kemp alisema Braun avuliwe tuzo. Haikuvuliwa, hutolewa na chama cha waandishi wa besiboli, kura zilipigwa 2011 na zikabaki. Kifedha Kemp hakuwa wa kuonewa huruma, kwani majira yaleyale ya 2011 Dodgers walimpa mkataba wa dola milioni 160. Ninaowafikiria zaidi ni Diamondbacks. Walitolewa na Brewers kwa mechi tatu dhidi ya mbili, ya tano ikaamuliwa katika muda wa ziada, na katika mechi zile Braun alipiga mipira 9 ya mafanikio katika majaribio 18. Mkojo wenye testosteroni ya kiwandani ulichukuliwa siku ya kwanza ya mechi hizohizo. Hakuna anayeweza kusema bila dawa angepiga mingapi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuwajibu.

Agosti 22, 2013 Braun alitoa maelezo marefu. Alikiri kwamba mwishoni mwa msimu wa 2011, akisumbuliwa na jeraha, alitumia krimu ya kupaka na peremende ya kumung'unya alizoambiwa zingemsaidia kupona haraka. Alisema alijidanganya muda mrefu kwamba hakufanya kosa, na kwamba anayajutia mengi aliyoyasema Maryvale. Aliomba radhi kwa wachezaji wenzake, kwa mashabiki, na kwa mchukua sampuli. Rodgers, ambaye mshahara wake ulikuwa bado salama, alisema ameumizwa kudanganywa usoni.

Chupa ile ilibadilisha karatasi pia. Mwaka 2012 ligi na chama waliandika upya sehemu za utaratibu wa kuchukua, kuhifadhi na kusafirisha sampuli, ili Jumamosi jioni isiwe tena swali la kifalsafa. Machi 2014, kwa msukumo wa wachezaji wenyewe waliochoshwa na wenzao, adhabu ya kosa la kwanza ilipanda kutoka mechi 50 hadi 80, na aliyefungiwa ndani ya msimu akazuiwa kucheza mtoano mwaka huo. Kipimo cha kaboni kikawa cha lazima angalau mara moja kwa mwaka kwa kila mchezaji.

Tarehe 31 Machi 2014 Braun alipoingia tena Miller Park, mashabiki wa Milwaukee walisimama wakampigia makofi. Kwingineko alizomewa kila alipokwenda. Alicheza hadi 2020 akiwa na jezi ileile, akamaliza na homurani 352, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya klabu hiyo.

Mwisho wa Novemba 2013, katika shughuli ya klabu ya kukusanya chakula cha wahitaji, waandishi walimwuliza kuhusu mchukua sampuli. Alisema wameshakutana na kupatana. Mkutano ule haukuwa na vipaza sauti.